Bado Inalia, Mwalimu

Jumatatu, 8 Januari. Nyuzi 31.

Muhula umefunguliwa. Kila siku ya shule, saa nne asubuhi, mimi husoma kipimajoto kilichotundikwa kando ya mlango wa maabara na kuandika namba yake kwenye daftari. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Daftari la mwaka huu nimepewa na dada yangu. Ni la kuandikia vipimo vya wateja, lina mistari mingi kwa kila tarehe, na namba moja peke yake inaonekana kama mtu mmoja aliyekaa kwenye ukumbi mtupu. Basi nitaongeza maneno machache. Sitarajii kuwa na mengi.

Wanafunzi wananiita Nyuzi. Wanadhani sijui. Dada ni mshonaji, na ndiye ninayeishi naye tangu mke wangu afariki. Alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Basi nyumba hii imekamilika," alisema. "Wewe na nyuzi zako, mimi na nyuzi zangu."

Jumatano, 10 Januari. Nyuzi 31.

Kidato cha tatu, vipimo vya joto. Niliuliza: jana ikiwa nyuzi ishirini na leo arobaini, je, leo kuna joto mara mbili ya jana? Karibu wote wakasema ndiyo. Kiranja wa darasa, msichana mrefu mwembamba anayekaa mstari wa mbele, aliinua mkono. Nikamruhusu. Akasimama, akafungua mdomo, akaufunga, akakaa. Sijui kwa nini watu huinua mikono bila kuwa na neno.

Nyuma yake kuna mmoja mwenye sauti nene kama ya mhubiri. Huyo akasema hapana, kwa sababu sifuri ya Selsiasi si mwanzo wa joto, ni mahali tu ambapo maji huganda. Mwanzo wenyewe uko nyuzi 273 chini ya hapo. Nikampongeza. Nikaeleza kwamba ukihesabu kutoka huko chini, ishirini inakuwa 293 na arobaini inakuwa 313, wala hakuna maradufu yoyote. Darasa likaguna kwa pamoja. Kiranja alikuwa anatazama dawati lake.

Ijumaa, 12 Januari. Nyuzi 32.

Hakuna jipya.

Jumanne, 16 Januari. Nyuzi 32.

Dada siku hizi hasemi, anafoka. Jana nilimuuliza chumvi iko wapi, naye yuko hatua mbili kutoka kwangu, akanijibu kama niko ng'ambo ya mto. Nikamwambia uzee unamfanya mkali. Alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatatu, 22 Januari. Nyuzi 33.

Fundi wa maabara alinipitia asubuhi kunipa saa ya kikao cha walimu. Ni mtu mfupi, mtaratibu, ana tabia ya kuongea huku amebana meno kama aliyeshika pini mdomoni. Nilifika ukumbini saa tisa kamili. Hapakuwa na mtu. Vikombe vilikuwa vimeshaoshwa na kupangwa. Kikao kilikuwa saa sita.

Nilimfuata maabara.

"Uliniambia tisa."

"Nilikuambia sita, Mwalimu. Tena nilirudia."

"Tisa."

Akasema jambo jingine, sehemu kubwa ikabaki ndani ya mdomo wake, akaenda kufuta meza. Sipendi kumfikiria mtu vibaya, ila mwaka jana nilimkosoa mbele ya wenzake kuhusu chupa za tindikali, na watu wana kumbukumbu.

Mwalimu Mkuu ameniambia kilichoamuliwa bila mimi kuwepo: Kiranja ataiwakilisha shule kwa somo la fizikia kwenye mashindano ya sayansi, tarehe 21 Februari. Uamuzi ni mzuri.

Jumatatu, 29 Januari. Nyuzi 33.

Tumeanza sauti. Hewa ikiwa kwenye nyuzi sifuri, sauti husafiri mita 331 kwa sekunde, na kila uzi mmoja wa joto unaongeza kama sehemu sita za kumi za mita. Kwa hiyo leo maabara ilikuwa na sauti ya mita 351. Hewa ya moto ina haraka.

Kiranja ameandaa jaribio lake la mashindano. Anachukua bomba, analichovya kwenye ndoo ya maji, anagonga uma wa sauti na kuushikilia juu ya mdomo wa bomba, kisha analiinua bomba polepole mpaka mlio uvimbe ghafla. Hapo anapima urefu wa hewa iliyomo na kukokotoa mwendo wa sauti. Amefanya hivyo asubuhi na mapema, nyuzi 25, akapata 346. Saa nane mchana akapata 352. Kazi safi. Alinieleza kwa muda mrefu, lakini huongea kama anayeogopa kuamsha mtoto, hivyo nilielewa zaidi kwa kusoma daftari lake.

Jumanne, 6 Februari. Nyuzi 34.

Ugomvi wa redio nyumbani. Dada anasema majirani wanasikiliza taarifa ya habari kwetu bila kuwasha ya kwao. Nimempunguzia.

Ijumaa, 9 Februari. Nyuzi 34.

Hakuna jipya. Chumba cha walimu kimekuwa na minong'ono. Ninapoingia hawaachi kunong'ona, na hilo ndilo linalonishangaza. Zamani watu walikuwa na adabu ya kunyamaza.

Jumatano, 14 Februari. Nyuzi 35.

Nitaandika kwa utaratibu kwa sababu jambo la leo limefika kwa Mwalimu Mkuu.

Kidato cha tatu, kipindi cha mwisho. Somo lilikuwa mipaka ya sikio. Niliweka mezani mashine ya kutoa milio. Ina kitasa kimoja, unakizungusha na mlio unatoka mnene kwenda mwembamba kupitia spika ndogo. Nilieleza kwamba sikio zima hupokea kuanzia mitetemo kama ishirini kwa sekunde hadi karibu elfu ishirini. Nikawaambia wote wainue mikono, na kila mmoja ashushe wake pale mlio utakapomwishia.

Mia mbili, mngurumo. Elfu moja, kama filimbi ya mbali. Elfu mbili. Elfu tatu, mlio ukawa kama sindano. Kabla ya elfu nne, ukakatika.

Mikono haikushuka.

Nilisubiri. Nikapandisha hadi elfu tano, sita, nane. Spika kimya kabisa, na mikono arobaini na miwili iko juu. Wa nyuma wakaanza kutazamana. Niligeuka kukagua waya. Ulikuwa umechomekwa sawasawa. Nilipogeuka tena nikamwona Kiranja: mkono mmoja juu, wa pili umeziba sikio, uso umekunjamana kama mtu anayezuia kicheko.

"Shusheni mikono," nikasema. "Spika imekufa."

Kiranja akasema kitu.

"Sema kwa sauti!"

"Bado inalia, Mwalimu."

Wakacheka. Si wote, lakini waliotosha. Nikazima mashine, na papo hapo mikono yote ikashuka kwa mpigo mmoja, kama jeshi lililopewa amri. Hapo ndipo nilipojua walikuwa wamepanga.

Nilimpeleka Kiranja ofisini mwenyewe. Nikaandika kwamba ameongoza darasa kumdhihaki mwalimu. Mwalimu Mkuu, mama mwenye haki na asiyependa maneno mengi, alimwambia aniombe radhi na jambo liishe. Msichana akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika kabisa, "Siwezi kuomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya."

Mwalimu Mkuu akanitazama. Nikasema sina la kuongeza. Amesimamishwa masomo wiki mbili. Mashindano yako humo ndani.

Ijumaa, 16 Februari. Nyuzi 35.

Mchana nilibaki maabara peke yangu ili niandike taarifa ya ubovu wa spika. Taarifa inataka uthibitisho, kwa hiyo nikaiwasha tena mashine. Kama juzi: baada ya elfu tatu na kitu, kimya. Nikabadilisha waya. Kimya. Nikabadilisha spika yenyewe, nikachukua mpya iliyokuwa bado kwenye boksi. Kimya palepale.

Spika mbili hazifi mahali pamoja.

Kabatini tuna kioo cha kuonyesha mawimbi. Ukikiunganisha na maikrofoni, sauti inajichora juu yake. Nilikiunganisha. Nikaweka mashine kwenye elfu nane. Kioo kikajaa vilima vidogo vilivyosongamana, safi, sawasawa, kimoja baada ya kingine. Niliziba spika kwa kiganja, vilima vikalala. Nikaondoa kiganja, vikasimama. Niliziba na kuzibua mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kitu kilikuwa kinalia mbele ya pua yangu, na mimi nilikuwa nakiona tu.

Baada ya hapo nilifanya kile ninachojua kufanya. Nilipima. Niliziba sikio moja kwa pamba na kidole, nikazungusha kitasa polepole, nikaandika namba pale mlio ulipokwisha. Kisha sikio la pili. Nilirudia mara tatu kila upande, kama ninavyowafundisha.

Kulia: 3,400, 3,400, 3,300.
Kushoto: 2,900, 2,800, 2,900.

Majibu yanakubaliana. Ingekuwa kazi ya mwanafunzi ningempa alama zote.

Mikono ilishuka kwa mpigo mmoja kwa sababu mlio ulikwisha kwa mpigo mmoja.

Sauti nyembamba za maneno ndizo zinazobeba s, na f, na t. Sita na tisa: ondoa s na t, yaliyobaki ni mamoja. Fundi alisema sita. Alirudia. Na tarehe 10 Januari Kiranja hakufungua mdomo bure. Alijibu. Aliyekuwa nyuma yake alisikia, akarudia jibu lake kwa sauti nene, nami nikampongeza yule.

Nimezima mashine. Nimefunga mlango. Taarifa ya ubovu sikuiandika.

Jumatatu, 19 Februari. Nyuzi 36.

Hakuna jipya.

Jumanne, 20 Februari. Nyuzi 36.

Hakuna jipya. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Shule haimwachii maabara mtu asiyesikia.

Jumatano, 21 Februari. Nyuzi 36.

Mashindano yamefanyika. Kwa upande wa fizikia hatukupeleka mtu. Ndoo na bomba lake bado viko chini ya dirisha. Maji yamepungua kama vidole viwili.

Mwalimu Mkuu alinisimamisha kwenye ujia. "Pole, Mwalimu. Najua ulikuwa unamtegemea."

Nikasema ahsante.

Ijumaa, 23 Februari. Nyuzi 37.

Dada ameniuliza mara tatu kama naumwa. Nilisikia ile ya tatu.

Jumatatu, 26 Februari. Nyuzi 37.

Kidato cha nne, maabara, saa nne na nusu. Kazi ilikuwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto kila nusu dakika. Madirisha yote yalikuwa wazi na upepo wa moto ulikuwa unapita. Nilikuwa mbele, kibiriti mkononi, nawaeleza jinsi ya kuwasha kichomeo bila kuunguza nyusi. Nyuma kukawa na minong'ono. Nikawaambia kimya. Minong'ono ikaendelea. Nikagonga meza, nikasema anayetaka kuongea atoke nje. Wakanyamaza.

Nikatoa njiti.

Sikumwona fundi akija. Nilihisi mkono tu. Alinishika kifundo kwa nguvu ambayo sikujua mtu mfupi vile anayo, njiti ikaanguka, kibiriti kikaanguka, naye akapiga kelele, maneno yote yakifika: "Tokeni! Wote nje! Gesi!"

Tulipokuwa uwanjani alirudi ndani peke yake, akafunga bomba kuu. Mpira wa gesi ulio chini ya meza yangu, karibu na goti langu, ulikuwa umechanika kwa urefu wa kidole. Ulikuwa unapiga mluzi. Meza ya nyuma kabisa walikuwa wanausikia. Walikuwa wananiambia. Harufu yenyewe ilikuwa inapelekwa kwao na upepo, kwangu ilikuwa haijafika. Watoto thelathini na wanane.

Tulikaa na fundi kwenye ngazi za nyuma.

"Leo nilichelewa," akasema. Alisema taratibu, ananitazama usoni, na niligundua kwamba mtu akinitazama usoni, hata yeye aliyebana meno, naelewa karibu yote. "Kila siku huwa nakagua mabomba yako kabla hujaingia. Leo nilitumwa ofisini."

"Huwa unakagua ya walimu wote?"

"Ya kwako tu."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Kulikuwa na bomba linavuja, wewe umesimama juu yake unasahihisha madaftari. Nikakwambia. Ukaniambia niache kunung'unika." Akafuta jasho. "Sikutaka kukuchongea, Mwalimu. Umebakiza kidogo ustaafu. Lakini leo..."

"Leo twende ofisini," nikasema.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu yote: gesi, mashine, namba zangu, Kiranja, na kwamba nilijua tangu tarehe 16 nikakaa kimya. Nilipofika kwenye hilo la mwisho aliacha kuandika.

"Siku tano kabla ya mashindano," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku hiyo, huyu mtoto angekwenda."

"Ndiyo."

Kisha akasema niende nyumbani kwa akina Kiranja kabla barua ya shule haijafika, maana kuna mambo ambayo hayafai kusomwa kwenye karatasi.

Baba yake Kiranja ni mwokaji mikate. Nilimkuta kwenye chumba cha tanuri, unga umempanda hadi kwenye kope. Kipimajoto cha tanuri lake ni cha zamani, kinasomeka kwa Farenhaiti: 420. Akili yangu ikafanya hesabu bila kuombwa, toa thelathini na mbili, gawa kwa tisa, zidisha kwa tano, karibu 216, na nadhani nilifanya hivyo ili nisianze kuongea.

Alinikaribisha kwa heshima kubwa. Akanifutia kiti. "Mwalimu, nisamehe kwa yule binti. Sijui kaupata wapi ujeuri."

Nikamwambia. Nilisema kwa kifupi, kwa mpangilio, bila kujitetea. Alisikiliza akiwa amesimama, koleo la mikate mkononi.

"Subiri," akasema. "Kwa hiyo ilikuwa inalia."

"Ilikuwa inalia."

"Siku kumi na mbili sijamsemesha mwanangu." Hakupandisha sauti. Niliisoma zaidi midomoni. "Aliniapia. Analia, ananiapia. Nikamwambia mwalimu hawezi kusema uongo, wewe ndiye mwongo. Chakula namwekea, simsemeshi. Siku kumi na mbili."



"Mimi usiniombe radhi," akasema. "Mimi nina ya kwangu ya kuomba. Yuko nyuma."

Alikuwa uani anasugua trei za mikate. Aliponiona alisimama, lakini hakuniamkia. Nilimwambia mbele ya baba yake kwamba alisema kweli na mimi nilikosea. Kwamba sisikii milio iliyo juu ya elfu tatu. Kwamba niliijua kweli hiyo kabla ya mashindano nikaificha. Hilo la mwisho lilimfanya aweke brashi chini.

"Ulisema nilikuwa nacheka," akasema.

"Niliona hivyo."

"Mlio ulikuwa unaniumiza sikio. Nilikuwa mbele kabisa." Akafikiri. "Kwa nini hukuniuliza?"

Nikasema sijui. Ni jibu baya, lakini ndilo lililokuwepo.

Baba yake akapiga hatua moja kwake, akasita. Niliondoka bila kuaga ili wabaki wenyewe.

Jumanne, 27 Februari. Nyuzi 37.

Kiranja amerudi. Nilisoma barua yangu ya kumwomba radhi mbele ya shule nzima mstarini. Dakika tatu. Wadogo hawakuelewa, wakubwa walielewa vizuri. Yeye alitazama mbele muda wote. Mwalimu Mkuu ameniondolea vipindi vyote vya gesi. Fundi atavishika akiwa na mwalimu wa kemia. Ni sawa.

Nyumbani nilimwambia Dada. Alikuwa anapinda suruali ya mtu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"KWAMBA HUSIKII!" Akasimamisha cherehani. "Miaka minne, mdogo wangu. Miaka minne napiga kelele humu ndani mpaka koo linauma, na wewe unaniambia uzee unanifanya mkali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia." Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, lakini mwenzangu alipomaliza alikuwa anafuta macho kwa suruali ya mteja.

Jumatatu, 5 Machi. Nyuzi 36.

Hospitali, kwa mpimaji wa masikio. Aliniweka kwenye kijumba kisichopitisha sauti, akanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Nilimpa namba zangu kwanza. Akazitazama, akapima, akaniambia nimekosea kwa chini ya mia mbili. Grafu yake inakwenda sawa kisha inaporomoka kama ukingo wa shimo. Seli za ndani ya sikio zimekufa na haziwezi kuota tena. Dada alitaka kujua kama ni redio. Mpimaji akasema hapana, redio ilikuwa matokeo.

Ijumaa, 9 Machi. Nyuzi 36.

Hakuna jipya. Safari hii ni kweli.

Jumatano, 14 Machi. Nyuzi 34.

Mawingu. Nimevaa vifaa vya masikio tangu asubuhi, vidogo kama punje za maharage. Sikutegemea kelele kiasi hiki. Karatasi zina kelele. Kola ya shati ina kelele. Chaki inalia ubaoni, na darasa zima limekuwa likivumilia hilo kwa miaka. Chumba cha walimu hakuna anayenong'ona. Wanaongea kawaida kabisa, tena mambo ya kuchosha.

Fundi habani meno. Ana pengo tu upande mmoja, na s zake zinapitia hapo.

Jumanne, 20 Machi. Nyuzi 27.

Mvua ya kwanza, kwenye bati, katikati ya kipindi. Haikuwezekana kufundisha. Nilivua vifaa nikakaa. Kiranja alitumia muda huo kukokotoa kitu kwenye daftari lake. Nilipopita nikaona: mwendo wa sauti kwa nyuzi 27, mita 347. Nilimwambia ni sahihi. Akaitikia kwa kichwa. Hujibu ninapouliza, hufanya kazi zote, na hanipi zaidi ya hapo. Sioni kwa nini anipe.

Alhamisi, 22 Machi. Nyuzi 26.

Nimeandika kwa waandaaji wa mashindano kuomba Kiranja apimwe peke yake. Wamejibu kwamba kanuni haziruhusu. Ataweza kushiriki mwaka ujao, akiwa kidato cha nne, pamoja na mitihani yake yote. Nimempa barua yao aisome mwenyewe. Alisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

Jumatatu, 26 Machi. Nyuzi 26.

Mvua.

Jumanne, 27 Machi. Nyuzi 25.

Mvua. Dada amerudi kuongea kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa nimesahau kwamba ana utani mwingi anaousema chinichini, bila kumlenga mtu. Mwingi ni juu yangu.

Alhamisi, 5 Aprili. Nyuzi 25.

Mtihani wa mwisho wa muhula, kidato cha tatu. Niliusimamia mwenyewe. Mvua ilikuwa imepumzika, madirisha yamefunguliwa. Dakika ya kumi na tano Kiranja alisimama, akaja mezani na karatasi yake, akasema kitu. Nje kulikuwa na mtu anafagia maji kwenye sakafu ya ujia, na vifaa vyangu vilinipa ufagio wote na maneno nusu.

"Sikusikia," nikasema. "Rudia, tafadhali."

Alinitazama. Nadhani ni mara ya kwanza mwalimu wa shule hii kumwambia hivyo. Akasogea kidogo ili nione uso wake.

"Swali la nne haliwezekani, Mwalimu."

Nikasoma. *Mtu alisikia radi, na baada ya sekunde tisa akaona umeme wake. Alikuwa umbali gani?* Nilikuwa nimegeuza. Nilikuwa nimeifanya sauti iwahi kuliko mwanga, nikaichapa, nikaihakiki, nikaitoa nakala arobaini na mbili. Na nilipowatazama niliona wengi wao walikuwa wameshalipita swali la nne, wameandika jibu.

"Ni kweli," nikasema. "Nimekosea. Waambie wenzako."

Niliona anasita. Pengine alidhani namtega. Kisha akaligeukia darasa, mikono nyuma, akasema kwamba swali la nne limegeuzwa, kwamba umeme ndio ulioonekana kwanza na radi ikafuata baada ya sekunde tisa, na kwamba joto la hewa halikuandikwa, kwa hiyo watumie la leo, nyuzi ishirini na tano.

Sauti yake ni ndogo kweli. Hakuipandisha hata kidogo. Darasa zima likafuta majibu na kuanza upya.